Daktari Aliyengoja Ganzi Ishike

Daktari wa meno wa Doornfontein, hapa Johannesburg, huwezi kumwiga kwa mdomo peke yake. Nimewaiga wengi mie, wallahi. Mashehe, mapasta, mapolisi, wale kina dada wa Sandton wanaoongea kama wamebana limau kwapani, wote hao nawatoa kwa mdomo tu. Daktari lazima uanze na mabega. Unayapandisha mpaka masikioni, unashika mikono nyuma kama umeficha peremende, halafu unakohoa mara moja, khm, kama gari bovu linalojaribiwa asubuhi ya baridi. Ndipo unasema polepole, "Maman. Tutangoya." Hapo umempata. Na mtu yeyote aliyewahi kung'olewa jino na yule mzee akikusikia, atajishika shavu.

Kwao Lubumbashi, na Kiswahili chake ndicho hicho cha huko, kimechanganywa na Kifaransa kama wali na mchuzi, huwezi tena kuvitenga. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya pili, kwenye jengo la mafundi cherehani. Mie nilikuwa chini mlangoni, na mpaka leo nipo, na jiko langu la gesi, chapati, maharage, chai ya tangawizi. Kwa hiyo kila mgonjwa wake nilimwona mara mbili. Akipanda, ameshika shavu, anatembea kama anakwenda mahakamani. Akishuka, mdomo umelala upande mmoja, anasema "ashante mama shai moja," na chai yote inaishia kwenye shati. Nilikuwa nawaiga palepale. Wanataka kukasirika, wanacheka, na wakicheka ndiyo chai inazidi kumwagika.

Yeye mwenyewe alikuwa akipita kila asubuhi na suti yake ya kahawia, ileile, na viatu vinavyong'aa mpaka unajiona.

"Bonjour, maman."

"Bonjour hainunui unga, Daktari. Chukua chapati."

Anachukua chapati, anachukua na chai. Sasa muangalie na sukari! Anatia kijiko, anatia, anatia, mpaka kijiko kinasimama chenyewe. Na hapohapo akipita mtoto anakula lawalawa ya duka la spaza, Daktari anageuka na kikombe chake mkononi, mabega juu: "Wee mutoto, sukari itakula meno yako yote!" Nikamwuliza siku moja, na wewe je? Akanitazama kama nimemtukana mama yake. "Mimi niko daktari," akasema. Basi, jibu ndilo hilo. Kama vile meno yake yanaogopa cheti.

Lakini uongo hakuwa nao hata chembe, na hapo ndipo alipotofautiana na wenzake. Madaktari wa meno wote duniani husema "haitauma." Yeye alisema, "Itauma kidogo. Kisha haitauma." Na ikawa hivyo. Sista wake, yaani nesi, Mzulu mmoja mnene mwenye kicheko cha kutikisa madirisha, alinisimulia anavyofanya. Kile kichupa cha ganzi anakifumbata kwenye kiganja kwanza, kipate joto la mwili, maana dawa baridi ndiyo inayochoma. Sindano anaificha nyuma, kwa ile mikono ya peremende. Anakushika shavu anakutikisatikisa kama shangazi aliyekuona siku ya Idi, na wewe ukiwa unashangaa huyu mzee vipi, sindano imeshaingia. Halafu anavuta kiti, anakaa. Hagusi kitu. Wengine wakishachoma tu wanashika koleo. Yeye anakaa na kuanza hadithi ya treni iliyoharibika porini huko kwao, hadithi ndefu, haina mwisho, hajawahi mtu kusikia treni ile imefika. Ukimwambia Daktari, mie nimeshakufa ganzi, anza basi, anakohoa, khm. "Tutangoya."

Na alikuwa na pua! Pale mlangoni pake alimnusa kila mtu kama nyanya anayemnusa mjukuu. Siku moja nikasikia kelele kwenye ngazi. Anashuka dereva wa teksi, mtu wa miraba minne, na Daktari nyuma yake anamsukuma taratibu.

"Eish, Dokta! Moja tu! Ya kujipa moyo!"

"Papa, leo hapana. Ganzi yangu inapita kwa ini. Ini yako leo iko na wageni, haina nafasi ya kumpokea mwingine. Kuya kesho."

"Jino linauma leo!"

"Njo vile. Na kesho litauma vilevile. Kuya bila pombe."

Dereva akakaa kwenye benchi langu, akala chapati kwa jino moja, akinung'unika Kizulu. Kesho yake alirudi, ananuka sabuni. Akashuka mdomo umelegea upande mmoja, ananionyesha dole gumba: "Sharp, gogo!" Yaani safi, bibi. Mie nilicheka, lakini lile neno la ini sikulielewa. Dawa imechomwa mdomoni, ini linahusu nini? Nikajisemea hawa Wakongo nao kwa mbwembwe!

Juu kwake sikupanda. Wenzangu waliniambia, mama, una mwaka wa ngapi mlangoni pa daktari wa meno, na meno yako ndiyo hayo? Nikawaambia ya kwangu ni ya kutazama tu. Nilikuwa natania, lakini moyoni nilikuwa na langu.

Nilipokuwa msichana, Tanga, nilipelekwa kung'olewa jino. Daktari akanichoma ganzi. Basi hata hajaweka sindano chini, uso ukaumuka kama andazi, mwili wote vipele, koo likaniziba nikawa navuta pumzi kama napuliza jiko. Walihangaika na mimi mpaka nikarudi. Na yule daktari, mtu mwembamba mwenye sauti ya puani, akaniambia, "Binti, sikia. Ganzi kwako ni sumu. Ukichomwa tena, utakufa." Unaisikia hiyo sauti? Ya puani. Nimeibeba kutoka Tanga mpaka Johannesburg, mipaka yote hiyo, hakuna askari aliyeikagua.

Ikaja harusi ya mjukuu wangu.

Lazima mjue mie naitiwa nini kwenye maharusi. Wapishi wapo, wapambaji wapo. Mie naitwa niwatoe watu sauti. Waswahili wa mji huu wote, wa Bara, wa Visiwani, Wakenya, Wakongo, wakioza wananiita, nasimama katikati ya ukumbi, namtoa mama mkwe, namtoa shehe, namtoa bwana harusi alivyokuja kuposa anatetemeka. Mdomo wangu ndiyo mali yangu. Na hii sasa ilikuwa ya damu yangu mwenyewe, mtoto niliyemlea, kazaliwa hapahapa, Kiswahili anakisikia chote na kukijibu kwa Kizulu. Ukumbi umeshapatikana Newtown. Kaniambia, "Bibi, uwaige wote. Na mimi uniige."

Ndipo jino la nyuma likachagua kuoza. Shavu likajaa. Mdomo haufunguki, nikifungua unatoka mlio wa paka. Mjukuu wangu kwa huruma zake akakimbia famasi, pale karibu na roboti, zile taa za barabarani, akaninunulia dawa ya kupaka kwenye fizi, tyubu ndogo, inatia ganzi juujuu. Nikapaka. Midomo ikavimba kama nimepigwa ngumi za bingwa, kidevu kikatoka vipele. Nikamwona mtoto analia. "Bibi, nimekuua!" Akanishika mkono, akaita mafundi wawili, wakanipandisha ngazi zile ambazo sikuwahi kuzipanda.

Daktari alisimama mlangoni. Hakuninusa. Alinitazama kwanza, akasikiliza kifua, akanipa kidonge cha kutuliza ule uvimbe wa midomo, akakaa mbele yangu.

"Maman, leo uko kimya. Doornfontein yote inauliza."

"Ganzi," nikasema kwa huo mdomo wa paka, "kwangu sumu."

"Nani alisema?"

Basi hata katika hali ile, jamani, sikujizuia. Nikambania pua yule daktari wa Tanga: "Binti, sikia. Ukichomwa tena, utakufa." Sista akaangua kicheko. Daktari hakucheka. Akamwomba mjukuu wangu ile tyubu. Akaisoma karibu na dirisha, akaguna. Halafu akanishika mikono akaigeuza. Nina mabaka hapa nyuma ya viganja, yale ya siku nyingi.

"Hii ni nini?"

"Piko," nikasema. Nikamweleza, maana kwao haipo. Ile hina nyeusi tunayojichora maua siku ya harusi. Mie nilichorwa kwenye harusi ya dada yangu, maua yakageuka malengelenge, ngozi ikatoka na maua yake. Shangazi zangu wakasema ni husuda, kuna mtu kanitia jicho kwa uzuri wangu. Na kusema kweli nililipenda sana jibu hilo, nimetembea nalo kwa raha.

"Na nywele? Unapaka rangi nyeusi?"

"Daktari! Hayo ni ya wanawake."

"Inakuwasha kichwa?"

"Kinawaka moto siku kadhaa. Urembo una gharama."

Mungu wangu, mngemwona! Mabega yale yalipanda mpaka nikadhani kichwa kitadidimia ndani. Akasimama, akazunguka kiti, akapiga makofi. "Njo vile! Njo vile! Ile sindano ya Tanga, ile tyubu, ile piko, ile rangi ya kichwa, iko familia moja! Maman, hakuna jicho. Haina mutu aliyekuchukia!" Na mie badala ya kufurahi nikaumia kidogo. Kumbe hata uzuri wangu haukuonewa wivu.

Akatoka mbio. Nilidhani kaenda kuleta sindano, nikaanza kutafuta mlango. Karudi na vipande viwili vya nguo kutoka kwa fundi wa jirani, akaniwekea magotini.

"Tazama. Kila ganzi iko na kichwa, iko na mkia, na katikati iko mshono. Sasa ziko koo mbili. Ukoo wa kwanza unaitwa esta. Mshono yake ni hii." Akanionyesha kile kitambaa cha kushikiza, ule uzi mrefumrefu fundi anaoshikiza kwa mkono kabla ya cherehani. Akaukata kwa ncha ya mkasi, prrr, ukafumuka wote. "Damu yenyewe iko na mkasi. Esta ikiingia, damu inaikata palepale. Ganzi inaisha upesi. Lakini ikikatwa," akanyoosha kidole sakafuni, "inaacha vipande. Kama vitambaa chini ya meza ya fundi. Mwili yako, maman, inagombana na vile vipande. Na dawa ya kwenye piko, ya kwenye rangi ya nywele, ni binamu wa vile vipande. Mwili ukiona binamu, inagomba na yeye pia."

"Na ukoo wa pili?"

"Amaidi." Akanipa kitambaa cha pili. Cha cherehani, mshono mara mbili. Akaupitishia mkasi kwa juu, haukufumuka. "Hii mkasi ya damu inashindwa. Lazima isafiri mpaka kwa ini. Ini njo fundi mukubwa, anakaa chini, anafumua polepole. Na akifumua, haiachi vile vipande vyako. Ile iliyokuvimbisha zamani ilikuwa esta, watu wote walitumia esta. Tyubu hii, esta. Mimi miaka yote kwenye mdomo za watu ninachoma amaidi."

Ndipo nikamkumbuka yule dereva wa teksi na wageni wake wa ini. Nikaanza kucheka na shavu linauma. Maisha yangu yote nimekimbia ukoo mzima kwa kosa la jirani yake!

"Basi nichome," nikamwambia. "Nichome sasa hivi! Harusi hiyo!"

Khm. "Tutangoya."

Nilimtukana, sitaficha. Nilimtukana Kiswahili cha bandarini ambacho Kongo hakijafika. "Minajua iko salama," akasema. "Lakini kujua kwangu iko kwa kichwa yangu, haiko kwa mukono yako. Tuulize mukono kwanza." Akanipa dawa ya usaha wa jino, akaniandikia niende hospitali kubwa, kwa wale wanaopima aleji. Kule wakanidonadona mkononi matone matone. Pale pa esta pakavimba pakawasha kama kaniuma mbu wa Pangani. Pale pa amaidi pakakaa kimya. Wakachoma tena kidogo chini ya ngozi, kimya. Nilikaa nimeutazama ule mkono kama mtu anayetazama mlango wa chumba cha kujifungulia. Kimya! Nikawapigia makofi wale manesi, wakaniona mwehu.

Nikarudi Doornfontein napanda ngazi mwenyewe. Daktari alikuwa amekwisha kujitayarisha. Kichupa kimeshafumbatwa. "Na hii," akasema, "haina hata ile dawa ya kuitunza isiharibike. Ile nayo ni binamu." Kwenye sinia nikaona sindano nyingine imelala pembeni.

"Ile ya nini?"

"Ya kukurudisha, ukitaka kwenda."

"Si ulisema iko salama?"

"Iko salama. Na sindano iko pale."

Akanitikisa shavu. Ikauma kidogo. Nikamshika Sista mkono mpaka akalalamika kwa Kizulu. Nikaanza kusubiri koo lizibe. Nilikuwa naisikia ile sauti ya puani, binti sikia, binti sikia. Daktari akavuta kiti, akakaa. Nikajua sasa inakuja ile treni. Haikuja. Akaniinamia, akasema:

"Maman, niige."

"Nini?"

"Minasikia unaiga watu wote. Watu wanashuka kwangu, wanacheka chini. Mimi sijasikia. Niige mimi."

Sasa fikirini. Mtu mzima, daktari, uso kwa uso, na sindano ya kunirudisha iko karibu naye. Nikapandisha mabega. Nikaficha mikono nyuma, hapohapo kitini. Nikakohoa. "Maman. Itauma kidogo. Kisha haitauma. Wee mutoto, sukari itakula meno yako yote! Mimi niko daktari." Nikamtia na kijiko cha chai kinachosimama. Sista alishika ukuta. Daktari akafungua mdomo, yeye mwenyewe sasa.

"Minaongea vile?"

"Zaidi."

"Endelea."

Nikaendelea. Na katikati ya treni yake, pale inapoharibika, mdomo ukaniponyoka. Nikasema "tutangoya" ikatoka "futangofa." Nikajaribu tena. Mdomo wa chini si wangu. Nikashikwa na hofu kubwa kuliko ya kufa, maana kufa nilishakuzoea. Sauti zangu! Zote zimo humo, za watu wangu wote, wengine wamelala makaburini na hawana mahali pengine pa kusemea! Nikamshika koti. Nikamwambia sijui nini, hata mie sikusikia.

Akaelewa. "Zitarudi," akasema. "Huyu wa amaidi hana haraka. Atakaa mpaka chakula ya mchana, labda na chai. Lakini anaondoka. Zote zitarudi." Kisha akachukua koleo, na alipolitia mdomoni, nilisikia kusukumwa, nikasikia kama mtu anavunja muwa nyumba ya tatu, na maumivu hakuna. Hakuna! Akanionyesha jino. Baya, lina mizizi kama muhogo. Nikashuka ngazi zile napiga vigelegele, vigelegele vya mdomo wa upande, vinatoka "fififi," mafundi wote wametoa vichwa milangoni, nguo shingoni. Miaka yote hiyo naogopa, na kumbe ni kitu cha kushuka nacho unapiga vigelegele!

Newtown mie niliwatoa. Sitasema sana, waulizeni waliokuwepo. Nilimtoa mama mkwe, nikamtoa mjukuu wangu na Kizulu chake mpaka kilemba kikamvuka kwa kucheka. Halafu nikawatoa hao wawili ambao hakuna aliyewahi kuwaona: Bi Esta, mwanamke wa haraka, anaingia anabwata, "Nimefika nimeondoka kwaherini!" na takataka kazimwaga ukumbini, na Bwana Amaidi, mzito, anapanda gari moja mpaka Ini, anauliza foleni inaanzia wapi. Watu walilia. Na mwisho nikapandisha mabega. Ukumbi mzima ukageukia kona ya nyuma, kwa yule mwenye suti ya kahawia. Naye akasimama, akayapandisha ya kwake. Tukatazamana hivyo, mabega kwa mabega. Nywele zangu tangu siku ile nimeziacha nyeupe, na viganja vyangu siku ya harusi vinapakwa hina ya majani tu.

Daktari alifunga kazi bila kuaga. Siku moja hakupita, na ya pili, kisha akaja dada wa Kikenya, daktari mdogo, kabeba funguo za chumba. Watu wa jengo wakaanza: ni ini, alikuwa akinywa kwa siri. Nikawanyamazisha. Mtu aliyenusa midomo ya watu wote mjini, pombe yake angeificha wapi? Sista ndiye aliyenieleza: ni homa ya ini ya zamani, kaipata akiwa kijana kwao, imekaa kimya imekuja kudai uzeeni.

Mwaka huu, asubuhi ya baridi, niko na jiko langu, nikasikia, khm.

Suti haipo. Sweta. Macho ya njano, mwili umebaki mabega. Ameshika shavu.

"Bonjour, maman. Kuya na mimi huko juu."

Nikazima gesi. Kwenye ngazi akanieleza kwa kupumzika pumzika. Jino limeoza, sukari imekuja kumchukua hata mwenye cheti. Na madaktari wake wa ini wamesema matibabu yao makubwa hayaanzi mpaka huo usaha utoke mdomoni. Jino likikaa, na ini linangoja. Kwa hiyo litoke.

Kukaa tu kwenye kile kiti, kiti chake mwenyewe, akaanza ukaidi. "Utang'oa bila ganzi."

"Mzee, hapana," akasema dada daktari, ile sauti ya Nairobi, laini na haina mchezo. "Hiyo siwezi. Vipimo vyako vya damu nimeviona, haitavuja ovyo. Tulia tu."

"Ini yangu haiwezi kufumua. Fundi ni mugonjwa!"

"Najua fundi ni mgonjwa. Kwa jino moja, kidogo tu, angeweza hata hivyo. Lakini nitatumia ile yenye mfuko."

Akaona nimekodoa macho, akanielezea na mie. Iko ganzi moja ya ukoo wa amaidi, mshono wake wa katikati ni wa cherehani kama ndugu zake, lakini ina mfuko pembeni, na mfuko huo umeshikizwa kwa uzi ule wa esta. Damu ikipita na mkasi wake inaukata mfuko, na mfuko ukitoka tu, nguo yote haina kazi tena. Sehemu kubwa inaishia njiani, ini linapata kazi ndogo. Na vile vipande vyangu vya ugomvi haiachi.

"Minajua hiyo!" akafoka Daktari. "Minaijua mbele uzaliwe! Ile ni chotara. Sijapenda chotara. Nimetumia ya kwangu mupaka mwisho."

"Sasa kama unajua, shida nini, Mzee?"

Anatazama sinia, anatazama ukuta. Na mikono yake, niliiona mie, imekwenda nyuma ya mgongo, imeshikana. Miaka yote nilidhani anaificha sindano ili wagonjwa wasiione.

"Daktari," nikamwambia polepole, "ni sindano?"

"Sijapata kuipenda," akasema.

Wallahi nilitaka kucheka, na nilitaka kumpakata. Dada daktari akageuka upande, akajifanya anatafuta pamba. Nikaona kichupa kimelala mezani, baridi. Nikakichukua, nikampa aliyekizoea. "Kishike mwenyewe. Kipate joto." Akakifumbata. Tukakaa hivyo mpaka akafungua kiganja. Nikamshika shavu nikamtikisa kama shangazi siku ya Idi, dada akaja na sindano yake kutoka nyuma. Alisema "ah." Moja tu.

"Imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha, Mzee. Iliuma kidogo?"

"Kidogo."

Dada akanyoosha mkono kuchukua koleo. Mie nikavuta kiti. Nikakaa, nikapandisha mabega, nikakohoa.

"Tutangoya," nikasema.

Yule dada akaniangalia, akamwangalia yeye, akaliacha koleo palepale.

"Daktari," nikasema, "niige."

"Mimi? Sijui kuiga."

"Umepita kwangu asubuhi ngapi? Niige."

Akafumba macho. Akashusha mabega, ndiyo mara ya kwanza naona yameshuka. Akapeleka mkono kiunoni. Na kwenye koo la mzee yule, wa sweta, wa macho ya njano, nikatoka mie. Mie kabisa, na Tanga yangu! "Bonjour hainunui unga, Daktari! We kaka, unapita kama huoni watu, hizi chapati zimekutukana? Mie uzuri wangu umetiwa jicho, muulize shangazi!" Hata kile kicheko changu cha kuvutia pumzi ndani, ambacho sikujua ninacho, alikuwa nacho. Sista angekuwepo angezimia. Dada alikaa chini, machozi yanamtoka kwa kucheka. Alikuwa akinisikiliza siku zote, yule mzee, na bonjour zake.

"Endelea," nikamwambia.

"Njooni," akasema kwa sauti yangu, "njooni mle, moto moto, shapa... shafa... fafati..."

Akafungua macho. Akajigusa mdomo, akanitazama.

"Zitarudi," nikamwambia. Nikamgeukia dada.

"Haya, mwanangu. Ng'oa."